Maswali Tunayoulizwa Kongwa: Wareno Waliokataa Vita vya Ng'ambo

Mbukwenyi. Nafundisha historia, na kila mwaka napeleka wanafunzi kwenye makaburi ya wapigania uhuru hapa Kongwa. Pale makaburini huulizwa kuhusu Samora, kuhusu bunduki, kuhusu mafunzo. Halafu tukiwa njiani kurudi Dodoma mjini, tukisimama Mbande kununua maji, hakosi mmoja wa kunijia pembeni: "Mwalimu, na hao Wareno wenyewe walikuwa wanasemaje nyumbani kwao?" Kwa miaka mingi nilikuwa najibu kwa sentensi mbili kisha nakimbilia basi. Hapa najibu kwa kirefu.

Kongwa inaingiaje kwenye habari ya Wareno?

Waingereza walipoachana na mradi wao wa karanga mwaka 1951, waliacha huku majengo, barabara na ardhi iliyokwatuliwa bure. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata Kongwa ikawa kambi. Frelimo ya Msumbiji ilikuwepo, na Samora Machel alikuwa kamanda wa kambi yake. Walikuwepo pia MPLA ya Angola, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na ZAPU ya Zimbabwe. Kwa hiyo vyama viwili kati ya vilivyokuwa vikipigana na Ureno vilipata kuota moto kwenye baridi hii yetu ya Julai.

Wengi wetu tunaijua hadithi hiyo mpaka pale kijana anapovuka Ruvuma na bunduki. Ng'ambo ya pili kulikuwa na kijana mwingine, wa umri uleule, ambaye mara nyingi hakutaka kuwepo. Huyo ndiye ninayemwandikia ukurasa huu.

Ni vita gani hasa, na vilidumu muda gani?

Miaka kumi na mitatu. Vilianza Angola mwaka 1961, vikaingia Guinea-Bissau Januari 1963, na Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, Cabo Delgado. Vilikwisha baada ya jeshi la Ureno lenyewe kuipindua serikali yake tarehe 25 Aprili 1974.

Ureno ilikuwa nchi maskini kuliko jirani zake wa Ulaya Magharibi, yenye watu wasiofika milioni 9, na mwishoni ilikuwa na askari karibu 150,000 katika medani tatu. Vita vilikuwa vikila karibu asilimia 40 ya bajeti ya serikali. Vijana zaidi ya 800,000 kutoka Ureno walipelekwa Afrika katika miaka hiyo, na karibu askari 9,000 wa upande wa Ureno walikufa. Waafrika waliokufa ni wengi zaidi kwa mbali, na hakuna aliyewahesabu kwa uangalifu huo.

Kwa nini wanaviita "Vita vya Ng'ambo"?

Hiyo ni tafsiri ya moja kwa moja ya jina walilotumia wao. Mwaka 1951 Salazar, dikteta aliyeongoza Ureno tangu 1932, alifuta neno "koloni" kwenye sheria na kuweka "mikoa ya ng'ambo". Ujanja wa karani huo. Ureno ilipoingia Umoja wa Mataifa mwaka 1955 na kuulizwa kuhusu makoloni yake, jibu lilikuwa tayari: hatuna makoloni, tuna mikoa, ila mingine iko mbali kidogo. Kwa hesabu hiyo Cabo Delgado ilikuwa mkoa wa Ureno kama Dodoma ilivyo mkoa wa Tanzania. Na kijana wa kijijini huko Alentejo alipopelekwa kufa Mueda, hukohuko Cabo Delgado, aliambiwa anailinda nchi yake.

Askari wa kawaida alikaa jeshini muda gani?

Ukijumlisha mafunzo na safari, mpaka miaka minne, na takriban miwili kati ya hiyo ilikuwa Afrika. Hapo ni kijana wa miaka ishirini au ishirini na moja, aliyechukuliwa kwa lazima, ambaye pengine hajawahi kuiona hata Lisbon.

Waliondoka kwa meli kubwa za abiria zilizogeuzwa za jeshi. Moja iliitwa Vera Cruz, nyingine iliitwa Niassa, jina la ziwa letu hilihili. Gatini Lisbon akina mama, wachumba na dada walisimama wakipunga vitambaa vyeupe mpaka meli inapotea. Kitambaa hicho kwa Kireno ni lenço, na ndilo neno lililotupa sisi "leso". Wanafunzi hulipenda hili kuliko takwimu zote hapo juu, nami siwalaumu.

Kila Krismasi televisheni ya taifa ilirusha salamu za askari kutoka porini. Mmoja baada ya mwingine wanasimama mbele ya kamera, wanataja jina, wanawatakia heri wazazi na mke, na karibu wote wanamaliza kwa maneno yaleyale: kwaheri, mpaka nitakaporudi. Serikali ilidhani hiyo ni propaganda nzuri. Fikiria uko sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, na kijana unayemtazama ameshakufa tangu salamu zile ziliporekodiwa.

Kama hawakuvitaka, mbona hawakuandamana kama Wamarekani wakati wa Vietnam?

Kwa sababu Marekani mwandamanaji aliweza kurudi nyumbani akajisoma kwenye gazeti la kesho yake. Ureno kulikuwa na PIDE, polisi wa siri. Magazeti yalipita kwanza kwenye kalamu ya mkaguzi, vyama vya siasa vilikatazwa, na gereza la Caxias nje kidogo ya Lisbon halikukosa watu. Idadi kamili ya vifo vya vitani haikuzungumzwa mitaani.

Kwa hiyo watu walipinga kwa miguu. Waliondoka. Kati ya mwanzo wa miaka ya 1960 na 1974 Wareno zaidi ya milioni moja walihama, wengi wakielekea Ufaransa, na sehemu kubwa walivuka mpaka wa Hispania usiku, bila pasi, kwa kumlipa mtu wa kuwapitisha. Walikuwepo waliokimbia umaskini tu. Walikuwepo waliokimbia jeshi. Wengi walikimbia vyote viwili, na hata wao wasingeweza kukuambia kipi kilitangulia.

Watafiti wa Ureno wanakadiria kwamba vijana karibu 200,000 hawakufika hata kwenye upimaji wa kuingizwa jeshini. Waliotoroka wakiwa tayari ndani ya magwanda ni maelfu, chini ya 10,000. Tofauti ya namba hizo inaeleweka: ni rahisi kutokwenda kabisa kuliko kuchomoka ukiwa umeshapewa namba na bunduki. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1970, karibu mmoja kati ya watano walioitwa hakutokea.

Kanisa lilisema nini?

Maaskofu wengi walinyamaza au walibariki meli. Lakini ndani ya Kanisa hilohilo mambo yalichemka. Tarehe 1 Julai 1970 Papa Paulo wa Sita aliwapokea Vatican Amílcar Cabral, Agostinho Neto na Marcelino dos Santos, viongozi wa vyama vitatu vilivyokuwa vikipigana na nchi ya Kikatoliki. Lisbon ilimrudisha balozi wake nyumbani kwa hasira. Mwaka 1971 Mapadri Weupe, shirika ambalo Watanzania hawahitaji kuelezwa, waliondoka Msumbiji kwa kupinga jinsi Kanisa lilivyofungamana na serikali.

Kisha likaja tukio la kanisa dogo la Rato, Lisbon. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 1972, Wakatoliki kadhaa walitangaza baada ya misa kwamba watabaki ndani, wafunge kula, na wazungumzie vita. Polisi waliingia kanisani wakawakamata. Kati yao walikuwemo watumishi wa serikali, nao wakafukuzwa kazi. Ni watu wachache mno, kundi ambalo lingeenea kwenye darasa langu la kidato cha tano, na bado serikali ilitetemeka. Wakati huohuo, bila wao kujua, wiki mbili nyuma huko Wiriyamu, mkoani Tete, askari walikuwa wameua mamia ya wanakijiji. Habari hizo zilitolewa na wamisionari na kuchapishwa London Julai 1973, Waziri Mkuu Caetano, mrithi wa Salazar, akiwa anajiandaa kwenda ziara Uingereza. Alipokewa na waandamanaji.

Wanafunzi je?

Walikuwepo. Lisbon mwaka 1962, Coimbra mwaka 1969. Serikali ilikuwa na dawa yake ya wanafunzi wakorofi: iliwapeleka jeshini kabla ya zamu yao. Ukiniuliza mimi, hilo ni kosa kubwa kuliko mengi. Unamchukua kijana aliyesoma, mwenye hasira na vitabu kichwani, unampa nyota begani na kumweka kambini miaka miwili na makapteni wasio na mtu mwingine wa kuzungumza naye jioni. Matokeo yake yako kwenye swali linalofuata.

Ni kweli makapteni walioipindua serikali walianza kwa sababu ya vyeo tu?

Ndiyo, na wanafunzi hulichukia jibu hili. Wanataka shujaa aliyeamka asubuhi akauchukia ukoloni.

Ilikuwa hivi. Kufikia mwaka 1973 vijana hawakutaka tena kusomea uofisa. Jeshi likajaza nafasi kwa wale waliochukuliwa kwa lazima, wakafanywa maofisa wa muda. Julai 1973 serikali ikatoa amri kwamba hao wa muda wakisoma kozi fupi wataingia kwenye orodha ya kudumu, na miaka yao ya vitani itahesabiwa. Fikiria wewe ni kapteni uliyetoka chuo cha jeshi, uko kwenye zamu ya tatu au ya nne Afrika, mkeo amekuzoea kwa barua, halafu mtu wa juzi anakuruka kwenye orodha. Tarehe 9 Septemba 1973 maofisa zaidi ya mia moja walikutana shambani huko Alentejo. Ajenda ilikuwa ile amri.

Lakini ukiwaweka watu kama hao pamoja, mazungumzo hayabaki kwenye vyeo. Wengi walitoka Guinea-Bissau, ambako hali ilikuwa mbaya kuliko kote: tangu mwaka huo wapigania uhuru walikuwa na makombora ya kubeba begani ya kuangushia ndege, na tarehe 24 Septemba PAIGC, chama cha Cabral, ikatangaza uhuru porini bila kumsubiri Mreno. Na kila ofisa alikumbuka Goa, koloni la Ureno huko pwani ya India. Desemba 1961 India ilipoichukua Goa, Salazar aliwaamuru askari wake wachache wapigane mpaka kufa. Gavana akasalimu amri kuokoa maisha yao, na baadaye akafukuzwa jeshini kwa aibu. Makapteni walijua kwamba Guinea ikianguka, watakaolaumiwa ni wao. Serikali ilipoirudisha nyuma ile amri ya vyeo, ilikuwa imechelewa. Walishaacha kuzungumzia vyeo.

Sisi tusishangae sana. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, kwa sababu ya mshahara na maofisa wa Kiingereza. Askari huanza na kilicho karibu naye. Tofauti ni kule anakoishia.

Na majenerali?

Wawili ndio wa kukumbukwa. Jenerali Spínola, aliyekuwa gavana wa Guinea, alichapisha kitabu Februari 1974 akisema Ureno haiwezi kupata ushindi vitani kwa silaha. Mkuu wake, Costa Gomes, alikubaliana naye. Caetano aliitisha majenerali waje waape utii mbele yake. Hao wawili hawakwenda, na tarehe 14 Machi wakafukuzwa. Waliokwenda walikuwa wazee kiasi kwamba watu wa Lisbon waliwabatiza jina "kikosi cha baridi yabisi".

Siku mbili baadaye kikosi cha Caldas da Rainha kilijaribu kuipindua serikali peke yake, kikashindwa, na watu karibu 200 wakakamatwa. Wengi walidhani yamekwisha.

Siku yenyewe ilikuwaje?

Aliyepanga mapinduzi alikuwa Otelo Saraiva de Carvalho, meja aliyezaliwa Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo. Ishara zilipitia redioni. Kabla ya saa tano usiku wa tarehe 24 Aprili ulipigwa wimbo wa mapenzi wa kawaida kabisa: jiandaeni. Saa sita na dakika ishirini ukapigwa wimbo wa José Afonso kuhusu mji wa Grândola na udugu wa watu wake: tokeni. Mwimbaji huyo aliwahi kuwa mwalimu Msumbiji, kwa hiyo hata ishara ilikuwa na vumbi la Afrika.

Huko Santarém, kapteni wa miaka 29, Salgueiro Maia, aliyepigana Msumbiji na Guinea, aliwaamsha askari wake. Kwa Kireno "dola" na "hali" ni neno moja, naye alilichezea: kuna dola la kijamaa, kuna dola lile lingine, na kuna hii hali tuliyofikia. Akawaambia anakwenda Lisbon kuimaliza, anayetaka ajipange nje, asiyetaka abaki. Wakajipanga. Waliingia mjini alfajiri na magari ya deraya, na inasimuliwa kwamba msafara ulisimama kwenye taa nyekundu.

Walishika uwanja wa Terreiro do Paço, uleule ambako kila tarehe 10 Juni wajane na wazazi walikuwa wakivishwa nishani za waliokufa Afrika. Asubuhi hiyo brigedia wa serikali alitokea na vifaru, akaamuru Maia apigwe. Maia alikuwa amesimama peke yake katikati ya barabara. Aliyeamriwa wa kwanza hakupiga. Aliyefuata hakupiga. Mtoni, manowari moja iliamriwa ipige uwanja, nayo haikupiga.

Wanafunzi wangu wakitaka picha moja tu ya upinzani wa wanajeshi, nawapa hiyo. Watu wenye risasi, wameamriwa, na hakuna anayevuta kitu.

Redio iliwasihi raia wakae majumbani, wakajaa barabarani. Jioni Caetano, aliyejifungia kwenye kambi ya Carmo, akakabidhi madaraka kwa Spínola. Damu ilimwagika mlangoni kwa polisi wa siri, walipowafyatulia watu kutoka dirishani na kuua watu wanne.

Nimesoma "Mapinduzi ya Karafuu". Hayo si ya Zanzibar?

Hapana, ingawa nimesahihisha mitihani yenye mchanganyiko huo, na mmoja alimweka Karume Lisbon. Kwa Kireno cravo ni karafuu na pia ni ua la karnesheni. Hapa ni ua.

Celeste Caeiro alifanya kazi kwenye mgahawa uliokuwa unatimiza mwaka mmoja siku hiyo. Mwenye mgahawa alinunua karnesheni za kuwapa wateja, kisha akafunga kwa sababu ya vurugu na kuwaambia wafanyakazi wachukue maua wapeleke nyumbani. Njiani askari mmoja alimwomba Celeste sigara. Hakuwa mvutaji. Akampa ua, askari akalichomeka kwenye mtutu wa bunduki, na wenzake wakataka ya kwao.

Je, vita vilisimama siku hiyo?

La. Spínola, rais mpya, alitaka aina fulani ya shirikisho, na mazungumzo yakavutana. Mitaani Lisbon watu wakapaza sauti: asiende hata askari mmoja zaidi makoloni. Na huko Msumbiji askari waliuliza jambo la akili tu: kama serikali iliyotuleta imeanguka, mimi nife leo kwa ajili ya nani? Tarehe 1 Agosti 1974 kambi ya Omar, karibu na Ruvuma, ilisalimu amri kwa Frelimo. Siku chache kabla, tarehe 27 Julai, sheria ya kutambua haki ya uhuru ilikuwa imetiwa saini. Mkataba wa Lusaka ulifuata tarehe 7 Septemba, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Waafrika waliopigana upande wa Ureno nao walikuwa wapinzani?

Swali gumu, na watu hulikwepa. Mwishoni, zaidi ya nusu ya askari wa Ureno huko Msumbiji walikuwa wameandikishwa hukohuko. Kadiri vijana wa Ulaya walivyokataa kuja, ndivyo Waafrika walivyochukuliwa kujaza nafasi. Kwa hiyo kukataa kwa mmoja kulimwangukia mwingine. Guinea, makomandoo weusi waliachwa nyuma Wareno walipoondoka, na wengi waliuawa baada ya uhuru.

Basi nani alishinda, makapteni au watu wa Kongwa?

Angalia tarehe. Guinea ilitangaza uhuru miezi saba kabla ya mapinduzi. Bila miaka kumi na mitatu ya porini kapteni wa Santarém angekuwa nyumbani anasubiri cheo. Naamini hivyo, na makapteni wengi wenyewe walikiri kwamba siasa waliijifunza Afrika. Cabral na Samora nao walikuwa wakirudia kwa wapiganaji wao kwamba adui ni utawala wa kikoloni, si watu wa Ureno. Cabral hakuuona mwisho: aliuawa Conakry Januari 1973. Mondlane, rais wa kwanza wa Frelimo, aliuawa Dar es Salaam Februari 1969, kwa bomu ndani ya kifurushi.

Sisi Wagogo tuna kumbukumbu ya kupelekwa kwenye vita vya wengine?

Muulize bibi kuhusu Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo. Jeshi la Waingereza liliingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916, Wajerumani wakarudi nyuma. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipogoma hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima, na njaa ya 1917 hadi 1920 ikaua maelfu. Hakuna aliyewaomba ridhaa.

Nitafikaje Kongwa?

Ukitoka Dodoma mjini, panda basi la kuelekea Morogoro, shuka Mbande, kisha chukua gari la Kongwa. Anzia ofisi ya wilaya ueleze shida yako, usijiendee tu na kamera. Chukua maji na kofia. Na ukikutana na mzee anayetaka kukuimbia nyimbo alizozisikia kambini akiwa mtoto, kaa chini usikilize mpaka mwisho. Maneno ya Kireno mengine ameyapinda, lakini sauti anaishika sawasawa, na soda moja inamtosha.